Pishi Tatu na Kibaba

Swali la saba kwenye fomu linasema:
kutoka sifuri mpaka kumi, maumivu yako ni ngapi?
Bi Time Shaame wa Mtambwe akanitazama
kama mtu aliyeulizwa bei ya mvua.

"Sifuri ndiyo nini?"
Nikamwambia, hupaumi kitu.
"Na kumi?"
Nikamwambia, hata kusema huwezi.
"Basi hiyo kumi
nani alokwambieni?"

Nilicheka. Fomu haikucheka.
Nikajisogeza kitini, nikakaa upande, kama kawaida yangu.
Yeye akajishika chini ya ubavu wa kushoto, juu ya kanga,
pale palipomkalia miaka kumi na minne
pakibadilishiwa majina:
chango, gesi, husuda,
mimba iliyoona haya,
umri.

"Andika pishi tatu," akasema.
"Siku zangu zikifika, pishi tatu na kibaba.
Za karafuu mbichi. Kavu ni nyepesi,
kavu nazimudu."

Kwenye kompyuta hakuna kisanduku cha pishi.
Niliandika nane. Nikafuta, nikaandika saba.
Pembeni mwa karatasi, kwa penseli,
nikaandika alivyosema.

*

Jumanne, hospitali ya Wete, walimpasua.
Kikatoka kitu ukubwa wa balungi,
kimefungwa vizuri, laini, kama mzigo wa mtu mwenye adabu.
Daktari Asaa akakichana juu ya sinia la chuma:
mafuta kama samli iliyoganda,
nywele nyeusi ndefu zimesokotana,
na jino.
Gego moja, jeupe,
halijapata kutafuna kitu.

Muuguzi mmoja midomo ikaanza Ayatul Kursiyyu.
Mwengine akanong'ona: pacha.
"Si pacha, si jini," akasema daktari.
"Ni chembe inayojua kutengeneza vyote.
Haikuambiwa tu ni nini, na wapi."

Mie nikafanya kazi yangu.
Gramu mia sita na kumi na mbili.
Nikakata vipande vyembamba kuliko ngozi ya kitunguu,
nikavitia rangi, nikabandika nambari kwenye chupa.
Fomalini humtoa machozi
hata asiyekuwa na kilio.

*

Fomu ya pili ni ya idhini.
Mwanawe Faki akamsomea: kihifadhiwe, kwa utafiti.
"Kina nywele?"
Kina.
"Kina jino?"
Moja.
"Basi hicho cha kuzikwa."

Nikamweleza tulivyo: hatujui kwa nini vinaota,
wala kwa nini wengine vikishatoka
bado wanaumwa.
Akanyamaza kwa muda
wa kuchambua konzi mbili za karafuu.
"Jino nipeni. Nywele nipeni.
Hayo mafuta na hiyo ngozi, someni.
Mkishajua, mje mnambie na mie.
Majina nimepewa mengi. Maana sijapewa."
Akatia dole gumba kwenye wino.
Alama haikutoka vizuri;
makonyo yamemla mistari ya kidole.
Tukarudia mara tatu.

*

Baada ya miezi sita nikaenda Mtambwe na swali la saba.
Nilimkuta anaanika. Kovu limefunga.
Altrasaundi imeonyesha hamna kitu,
na hamna kitu ndipo anapopashika.
"Kimebaki kibaba," akasema.
"Mpangaji kahama, deni kaliacha."

Nikaanza kusema habari ya mishipa inayokumbuka,
nikasikia sauti yangu inasoma.
Nikaacha.

Nyuma ya jiko kuna mchaichai.
Hakusema kitu, alipita tu kwa nje,
asikanyage.

Jua likapiga kioo cha kompyuta
hata sikuona kisanduku, niliona uso wangu.
Nikatafuta penseli mkobani.
Yeye akawa ananitazama,
mkono jamvini, unageuza karafuu bila ya macho.

"Na weye mwanangu, unaekaa upande upande
toka siku ile ya kwanza,
chako vibaba vingapi?"